Asidi ya Mapipa ya Mvinyo: Kemia Ilivyojifunza Kulia na Kushoto

Mvinyo ukilala ndani ya pipa kwa miezi, huacha ukoko mgumu kwenye mbao. Watengenezaji wa mvinyo wa Ulaya waliujua ukoko huo tangu kale, wala hawakuutupa. Waliukwangua na kuuuza. Mwaka 1769 mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alipata humo asidi safi, na kufikia mwanzo wa karne ya 19 asidi hiyo ya tartari ilikuwa bidhaa ya viwandani. Wachapaji wa vitambaa wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, waliihitaji kwa kazi yao ya rangi. Katika mji mdogo wa Thann, kiwanda cha familia ya Kestner kiliitengeneza na kuiuza.

Karibu na mwaka 1820 ikajitokeza katika kiwanda hicho asidi ya pili ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Ilifanana na ya kwanza, ila iliyeyuka majini kwa shida zaidi na fuwele zake zilikuwa za namna nyingine. Joseph Louis Gay-Lussac wa Paris aliichunguza, kisha Jöns Jacob Berzelius wa Stockholm akaichunguza tena. Hesabu zikatoka zilezile: kaboni, hidrojeni na oksijeni kwa uwiano uleule wa asidi ya tartari. Mwaka 1830 Berzelius akatangaza kwamba vitu viwili vinaweza kujengwa kwa atomu zilezile, kwa idadi ileile, na bado visiwe kitu kimoja. Vitu vya namna hiyo akaviita isomeri. Asidi ile mpya ikajulikana kama asidi ya rasemi.

Likabaki swali zito. Ikiwa vilivyomo ni vilevile na vipimo ni vilevile, tofauti imejificha wapi? Jibu lilichukua zaidi ya miaka mia moja kukamilika, na kila hatua kubwa ilipigwa na mtu aliyekataa kuidharau tofauti ndogo iliyokuwa mbele ya macho yake. Tena na tena, watu hao walirudi kwenye asidi ileile ya mapipa ya mvinyo.

Njia ilifunguliwa na uchunguzi wa mwanga. Mwanga wa kawaida hutetema pande zote. Ukipitishwa katika fuwele maalumu, hubaki ule unaotetema katika bapa moja tu. Mwaka 1815 mwanafizikia Jean-Baptiste Biot wa Paris aliupitisha mwanga wa aina hiyo katika mafuta ya tapentaini na katika maji ya sukari, akaona jambo la ajabu: bapa lile lilitoka limezungushwa, kulia au kushoto, kulingana na kilichomo. Ilikwisha kujulikana kwamba mawe ya kwatzi hufanya hivyo, lakini kwatzi huupata uwezo huo kutokana na jinsi fuwele yake ilivyopangika. Tapentaini ni kimiminika, haina fuwele. Biot akahitimisha kwamba nguvu ya kuzungusha mwanga imo ndani ya molekuli zenyewe.

Asidi ya tartari ilizungusha mwanga kulia. Asidi ya rasemi haikuuzungusha kabisa. Mwaka 1844 Eilhard Mitscherlich wa Berlin akaongeza utata: alilinganisha chumvi za asidi hizo mbili zilizotengenezwa kwa soda na amonia, akaandika kwamba zinalingana kwa umbo la fuwele, kwa uzito mahususi na kwa pembe za nyuso zake, isipokuwa moja inazungusha mwanga na nyingine haizungushi.

Louis Pasteur, mtoto wa mtengeneza ngozi, aliisoma taarifa hiyo akiwa mwanafunzi wa École Normale Supérieure jijini Paris, na haikumtoka kichwani. Mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka 25, aliamua kuziangalia chumvi hizo mwenyewe.

Alianza na chumvi ya tartari. Alizigeuza fuwele moja moja, akaona kwenye kingo zake vijiuso vidogo ambavyo Mitscherlich hakuvitaja, vyote vimeelekea upande mmoja. Akaigeukia chumvi ya rasemi akitarajia kwamba humo vijiuso hivyo havitakuwapo, kwa kuwa chumvi hiyo haizungushi mwanga. Vilikuwapo. Ila katika baadhi ya fuwele vilielekea kulia, na katika nyingine vilielekea kushoto, fuwele ya namna moja ikiwa taswira ya kioo ya mwenzake.

Pasteur akaanza kuzichambua fuwele kwa mkono, za kulia huku na za kushoto kule, mpaka akapata mafungu mawili. Kila fungu akaliyeyusha katika maji yake na kulipima. Fungu la kulia lilizungusha mwanga kulia, sawasawa na chumvi ya tartari ya kawaida. Fungu la kushoto liliuzungusha kushoto, kwa kiasi kilekile. Alipochanganya uzito sawa wa mafungu yote mawili, mwanga ukapita bila kuzungushwa. Kumbe asidi ya rasemi ilikuwa mchanganyiko wa asidi mbili, kila moja ikiifuta kazi ya mwenzake.

Bahati pia ilimsaidia. Chumvi aliyoichagua hujitenga katika fuwele za aina mbili pale tu inapoganda chini ya nyuzi joto 27 hivi. Joto likizidi hapo, molekuli za kulia na za kushoto huingia pamoja katika fuwele moja, na hakuna mkono unaoweza kuzitenganisha. Tena ni michanganyiko michache tu ya aina hii inayokubali kujitenga yenyewe. Lakini bahati ya hali ya hewa isingefaa kitu bila jicho lililojua la kutafuta.

Habari zilipomfikia Biot, mzee huyo wa miaka 74 hakukubali kwa maneno. Alimwita Pasteur Collège de France, akampa asidi ya rasemi aliyokuwa ameipima mwenyewe, pamoja na soda na amonia, akamtaka aitengeneze chumvi mbele yake. Kimiminika kikaachwa hapohapo kigande polepole kwa siku kadhaa. Fuwele zilipotosha, Pasteur akaitwa tena kuzichambua, na Biot akamwuliza kama anathibitisha kwamba hizi za upande huu zitazungusha mwanga kushoto. Kijana akathibitisha. Biot akatayarisha vimiminika kwa mikono yake, akaanza na kile kigeni, cha kushoto. Mwanga ulizunguka kushoto mara moja. Mzee akamshika mkono kijana, akamweleza jinsi alivyoipenda sayansi maisha yake yote na jinsi tokeo lile lilivyougusa moyo wake.

Kwa miaka mingine kumi Pasteur hakuiacha mada hiyo. Mwaka 1852 alifunga safari kwenda Leipzig, Vienna na Prague, kiwanda hadi kiwanda, akisaka chimbuko la asidi ya rasemi. Mwaka uliofuata alipata njia ya pili ya kuwatenganisha pacha hao, na hiyo ndiyo inayotumika zaidi hadi leo: aliwaunganisha na dawa zilizotokana na magome ya mkwinini. Dawa hizo nazo zina upande wao. Asidi ya kulia ikishikana nazo hutoa chumvi moja, na ya kushoto hutoa chumvi nyingine. Chumvi hizo mbili si taswira za kioo tena, hivyo moja huganda mapema na nyingine hubaki majini. Mwaka huohuo wa 1853 akapata pia asidi ya tartari ya namna nyingine, isiyozungusha mwanga na isiyotenganishika, kwa sababu nusu moja ya molekuli yake ni taswira ya kioo ya nusu ya pili.

Magome hayo ya mkwinini yenyewe ni somo zuri la isomeri. Miti hiyo hulimwa Kivu, mashariki mwa Kongo, na kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu hutoa humo kwinini ya kutibu malaria. Gome hilohilo lina pia kwinidini, yenye atomu zilezile za kwinini zilizounganishwa kwa mfuatano uleule, ila vikundi vinavyozizunguka kaboni mbili vimekaa kinyume. Kwinidini imetumika miaka mingi hospitalini kurekebisha mapigo ya moyo yaliyovurugika.

Kisha Pasteur akaona kwamba viumbe hai nao hubagua. Kuvu ya jamii ya Penicillium, ikipandwa katika chumvi ya asidi ya rasemi, huila asidi ya kulia na kuiacha ya kushoto. Mwaka 1860, akizungumza mbele ya wanakemia wa Paris, alisema wazi kwamba atomu za asidi ya kulia lazima zimejipanga kwa namna isiyolingana na taswira yake ya kioo. Huenda zimezunguka kama ngazi ya mzunguko, huenda zimekaa kwenye pembe za umbo la nyuso nne. Zaidi ya hapo hakwenda. Elimu ya wakati huo ilikuwa bado haijajua atomu zinavyoshikana.

Hatua iliyofuata ilitokana na asidi ya maziwa yaliyochacha. Asidi laktiki ya maziwa haikuzungusha mwanga. Ile iliyopatikana katika misuli ya wanyama iliuzungusha. Mwaka 1873 Johannes Wislicenus, mkemia wa Kijerumani, alionyesha kwamba atomu za asidi hizo mbili zimeunganishwa kwa mfuatano mmoja, na akaandika kwamba tofauti yake haina budi kuwa katika namna atomu zilivyokaa angani. Makala yake ilisomwa katika maktaba ya Utrecht, Uholanzi, na mwanafunzi aitwaye Jacobus Henricus van 't Hoff. Alisimulia baadaye kwamba aliikatiza katikati ili atoke kutembea, na huko njiani, katika hewa safi, wazo likamjia.

Mwezi Septemba 1874, akiwa na miaka 22 na kabla hajapata shahada ya udaktari, alichapisha kijitabu kifupi kwa Kiholanzi. Hoja yake inaweza kushikwa mkononi. Kaboni ina mikono minne ya kushikana na atomu nyingine. Kwenye karatasi wakemia waliichora kama msalaba, juu, chini, kulia, kushoto, na mchoro huo uliwapotosha, kwa sababu molekuli haiishi kwenye karatasi. Weka kaboni katikati ya umbo lenye nyuso nne za pembetatu, mikono yake ikielekea kwenye pembe nne. Sasa ning'iniza vitu vinne tofauti kwenye pembe hizo. Utapata mipangilio miwili tu, na ukijaribu kuilaza mmoja juu ya mwingine haitakubali, kama vile kiganja cha kulia kisivyokaa sawa juu ya cha kushoto. Vitu viwili kati ya hivyo vinne vikiwa vya aina moja, tofauti hufutika papo hapo na mwanga hauzungushwi. Na kaboni za namna hiyo zikiwa nyingi, idadi ya isomeri huongezeka maradufu kwa kila moja: mbili, nne, nane, kumi na sita.

Miezi miwili baadaye Joseph Achille Le Bel, Mfaransa aliyezaliwa Alsace, alichapisha wazo linalokaribiana sana na hilo. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi katika maabara ya Adolphe Wurtz jijini Paris mwaka uleule, lakini kila mmoja alifika kwa njia yake. Le Bel alianzia kwenye kazi ya Pasteur na hoja za ulinganifu.

Van 't Hoff alikwenda mbali zaidi. Alieleza pia fumbo la asidi mbili zilizoitwa maleiki na fumariki, zenye atomu zilezile na zisizozungusha mwanga. Ndani yake kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili miwili, na kiungo hicho hakizunguki. Kwa hiyo vikundi viwili vya asidi hukaa ama upande mmoja, ama pande zinazopingana. Maleiki ikipashwa moto hutoa maji kwa urahisi na kujifunga pete, kwa kuwa vikundi vyake ni majirani. Maleiki huyeyuka tele majini na huanza kuyeyuka kwa moto karibu na nyuzi 135. Fumariki huyeyuka kidogo mno majini na hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 280. Hivyo ndivyo ilivyojulikana familia ya pili ya stereoisomeri, yaani isomeri zinazotofautiana tu kwa namna atomu zilivyokaa angani: ile ya kiungo kisichozunguka.

Wakubwa hawakupokea yote haya kwa mikono miwili. Mwaka 1877 Hermann Kolbe wa Leipzig, mmoja wa wakemia mashuhuri wa Ujerumani, aliandika shambulio kali. Van 't Hoff alikuwa ameajiriwa katika shule ya udaktari wa mifugo ya Utrecht, na Kolbe akamkejeli kwamba ameazima farasi mwenye mabawa kutoka zizi la shule hiyo ili arukie kilele cha kemia. Wislicenus, aliyekuwa ameandika dibaji ya toleo la Kijerumani la kitabu hicho, naye alilengwa. Kolbe alifariki mwaka 1884. Aliyeteuliwa kushika kiti chake Leipzig mwaka uliofuata alikuwa Wislicenus. Na mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya Kemia, ya kwanza kabisa kutolewa, ilikwenda kwa van 't Hoff, ingawa ilitaja kazi zake nyingine za miendo ya kemikali na shinikizo la osmosisi.

Kilichowanyamazisha wapinzani kilikuwa sukari. Emil Fischer, akifanya kazi Würzburg, alichukua kanuni ya van 't Hoff na kuitumia kwa glukosi. Molekuli ya glukosi, ikichorwa kama mnyororo, ina kaboni nne za namna ile, hivyo lazima kuwe na sukari 16 za umbo hilo. Mwaka 1891, kwa kubadilisha sukari moja kuwa nyingine na kuangalia zipi zinapoteza uwezo wa kuzungusha mwanga, Fischer alipambanua glukosi ni ipi kati ya hizo. Kikwazo kimoja kilibaki. Mwanga unaweza kukuambia kwamba vitu viwili ni taswira za kioo, lakini hauwezi kukuambia kipi hasa kina umbo la kulia. Fischer akaamua kuchagua mchoro mmoja kati ya miwili, akijua wazi kwamba uwezekano wa kukosea ni nusu kwa nusu. Michoro yote ya sukari na asidi za amino kwa miaka sitini iliyofuata ilijengwa juu ya chaguo hilo. Ni Fischer huyuhuyu aliyesema mwaka 1894 kwamba kimeng'enya na kile kinachomeng'enywa nacho hufaana kama kufuli na ufunguo, na hapo upendeleo wa kuvu ya Pasteur ukapata maelezo.

Mwaka 1951 suala la chaguo la Fischer lilifungwa mjini Utrecht, katika maabara iliyoitwa kwa jina la van 't Hoff. Johannes Bijvoet na wenzake, Peerdeman na van Bommel, waliipiga kwa eksirei fuwele ya chumvi ya asidi ya tartari yenye sodiamu na rubidiamu, kwa mbinu ambayo atomu nzito ya rubidiamu iliufichua upande halisi wa molekuli. Fischer alikuwa amechagua sawa. Vitabu havikuhitaji kuchorwa upya.

Kutoka hapo elimu hii ikawa kazi ya kila siku ya madaktari na wafamasia, kwa kuwa mwili wa binadamu nao umejengwa kwa upande mmoja: asidi za amino za protini zake karibu zote ni za kushoto. Mfano unaokaribia nyumbani ni levamisoli, dawa ya minyoo iliyotumiwa sana kwa watu na mifugo. Dawa iliyotangulia, tetramisoli, iliyotangazwa mwaka 1966 kutoka maabara ya Janssen nchini Ubelgiji, ilikuwa mchanganyiko wa kulia na kushoto. Ilipobainika kwamba karibu nguvu yote ya kuua minyoo imo katika isomeri ya kushoto, ile ya kulia iliondolewa, na kipimo kikapungua.

Thalidomaidi ilifundisha kwa uchungu. Iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia Oktoba 1957 kama dawa ya usingizi isiyo na madhara, wajawazito wakaimeza kutuliza kichefuchefu, na ilipoondolewa sokoni Novemba 1961 maelfu ya watoto katika nchi nyingi walikuwa wamezaliwa na ulemavu wa viungo. Mara nyingi husimuliwa kwamba isomeri moja ndiyo iliyodhuru, na kwamba watoto wangesalimika kama nyingine ingeuzwa peke yake. Jambo hilo si kweli. Ndani ya mwili isomeri hizo mbili hugeuka, ya kulia kuwa ya kushoto na ya kushoto kuwa ya kulia, hivyo kumpa mgonjwa moja tu kusingemkinga. Kosa lilikuwa kuuza dawa bila kuipima vya kutosha kwa wajawazito. Mwaka 1992 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo unaowataka watengenezaji kujua kila isomeri inafanya nini mwilini.

Afrika Mashariki imekuwa na sehemu yake katika historia hii kupitia maua ya pareto. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza duniani kwa zao hilo, na Tanzania bado hulilima katika nyanda za juu za kusini. Hermann Staudinger na Leopold Ružička walieleza muundo wa sumu yake ya wadudu mwaka 1924. Ua huunda isomeri mahususi, na upande wa atomu una uzito mkubwa katika kuua mdudu. Udhaifu wa sumu hiyo ni kwamba jua huiharibu upesi. Katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, Michael Elliott na wenzake waliiga umbo hilo wakitafuta kitu kinachostahimili mwanga, na mwaka 1974 wakatangaza deltamethrini. Molekuli yake inaweza kuwa na isomeri nane. Walichagua moja, ile iliyowaua wadudu kwa kipimo kidogo kuliko chochote kilichojulikana wakati huo, na waliitenga na mwenzake kwa kuiacha igande fuwele. Dawa hiyo leo ni miongoni mwa zile zinazotiwa kwenye vyandarua vya mbu vinavyotumika Afrika Mashariki.